Kitunguu saumu, manjano na mlonge kwa vifaranga wa nyama: kuchanganya na kupima

Wengi wakisikia somo hili hutaka kitu kimoja tu: kipimo. Kipimo kipo, kinakuja. Ila kifaranga akijikunyata kwa baridi au akilalia maranda yaliyolowa, hakuna kiungo kitakachomkuza. Joto la wiki ya kwanza liwe nyuzi 32 hadi 33, maji yasikatike, na chakula cha kuanzia kiwe na protini asilimia 21 hadi 23. Hayo yakiwa sawa, tuendelee.

Viungo hivi si homoni. Kazi yake iko tumboni: hupunguza bakteria wabaya na kuamsha usagaji wa chakula, ndiyo maana vilianza kutafutwa sana baada ya Umoja wa Ulaya kupiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo, Januari 2006.

Hatua ya 1: Andaa unga. Saumu iponde kwanza, uiache dakika kumi, ndipo uianike. Allisini, ile yenye harufu kali, haimo kwenye punje nzima. Huzaliwa punje ikipondwa. Mlonge anika kivulini mpaka jani livunjike ukilifinya. Manjano nunua mzizi usage mwenyewe, maana ya unga huchakachuliwa.

Hatua ya 2: Chagua kimoja. Kwa kilo 50 za chakula: unga wa saumu gramu 250, au manjano gramu 250, au mlonge kilo 1. Najua mnapenda kutia vyote. Mkitia vyote, hamtajua kipi kilisaidia.

Hatua ya 3: Changanya kwa ngazi. Hapa ndipo wengi tunaharibu. Mimi mara ya kwanza nilinyunyiza manjano juu ya chakula kwenye vyombo. Jioni nikakuta vifaranga wachache midomo ya njano tii, wengine hawajagusa, na unga mwingi umetuama chini ya chombo. Sasa nafanya hivi: gramu 250 nazichanganya na kilo 1 ya chakula mpaka rangi iwe moja. Hiyo naiingiza kwenye kilo 5, nageuza tena. Mwisho naimwaga kwenye mfuko mzima na kugeuza kwa koleo. Kisha nachota konzi tatu, juu, katikati na chini. Rangi zikitofautiana, narudia.

Changanya cha siku chache tu, harufu ikipotea na nguvu imekwenda.

Hatua ya 4: Pima. Gawa bechi moja pande mbili, upande mmoja bila kiungo. Pima uzito wa vifaranga 20 kila upande siku ya kwanza, halafu kila wiki, saa ileile. Kifaranga aliyeingia na gramu 40 afikishe walau 160 siku ya saba. Andika na chakula walichokula: kilo za chakula gawanya kwa kilo za uzito ulioongezeka. Upande wenye namba ndogo ndio unaokulipa.

MASWALI

Mwalimu, mimi nachemsha saumu nawapa maji yake. Si ni yaleyale?
Hapana ndugu yangu. Moto unaua allisini, unabaki na supu. Ponda, loweka kwenye maji ya baridi, chuja, wape siku hiyohiyo.

Kesho kutwa nachanja gumboro, ule ugonjwa wa virusi wa kuku, kwa maji. Niendelee?
Maji ya chanjo yawe matupu. Ile ni chanjo hai, yaani ina virusi hai vilivyopunguzwa makali. Saumu, siki au klorini vinaweza kuidhoofisha. Acha tangu leo, rudia siku moja baada ya chanjo.

Mkuu, mlonge una protini nyingi. Nikitia kilo 5 kwa mfuko?
Hiyo ni asilimia 10. Protini ipo kweli, lakini nyuzinyuzi nazo zipo. Kifaranga atashiba kabla hajapata nguvu ya kutosha na uzito utashuka. Usipite kilo 2 na nusu, tena kwa wakubwa.

Wangu wana siku 20, wanaharisha damu. Niongeze manjano kiasi gani?
Usiongeze chochote. Hiyo huenda ni koksidiosisi, ugonjwa wa vimelea vya utumbo, na inaua haraka. Mwite daktari wa mifugo leo, dawa kama amprolium ndiyo kazi yake. Maranda yaliyolowa yatoe sasa hivi, usisubiri daktari afike.