Darasani Hakuna Kitufe cha Kusimamisha: Namna ya Kurudi Ukumbini Baada ya Kusoma kwa Mbali

Ninaongoza semina za takwimu, na kila kundi linalotoka kusoma kwa mbali hunijia na lalamiko lilelile: "Mwalimu, mhadhiri anakimbia." Hakimbii. Anazungumza kwa mwendo uleule wa kwenye video zake. Tofauti ni kwamba nyumbani mlikuwa mnamsimamisha, mnamrudisha nyuma sekunde 30, mnakwenda kunywa maji, kisha anaendelea kuwasubiri. Kwa hiyo usijiambie kwamba umekuwa mzito wa kichwa. Umekosa mazoezi tu: kukaa saa nzima bila kunyanyuka, kusikia jambo mara moja, kuandika kwa mkono, kufungua mdomo mbele ya watu. Yote hayo hurudi ukiyafanyia kazi.

Kwanza usingizi, na uanze kama wiki moja kabla ya muhula. Wengi hujaribu kulala mapema, wanaishia kugeukageuka kitandani na simu mkononi. Anzia upande wa pili: amka mapema zaidi kwa dakika 15 hivi kila siku, na ukishaamka toka nje upate mwanga wa asubuhi. Mwanga huo ndio unaorekebisha saa ya mwili, na usiku usingizi utakuja wenyewe. Siku ya mapumziko usiilale yote, utakuwa umebomoa ulichojenga.

Ratiba nayo itembelee kwa miguu. Pita kumbi zako kabla ya siku ya kwanza, uone kutoka maabara hadi ukumbi wa pili ni mwendo gani. Kwenye skrini vipindi viwili hufuatana kwa kubofya tu. Huku kuna ngazi, milango na foleni ya msalani.

Sasa tuje kwenye kuandika, maana hapa ndipo wengi wanapoangukia. Chukua somo langu. Mhadhiri yuko ubaoni, anaonyesha namna ya kupima mtawanyiko wa data: chukua kila thamani, toa wastani, zidisha jibu kwa lenyewe, jumlisha yote, kisha gawa kwa n toa 1, yaani idadi ya thamani ulizo nazo ukiipunguza moja. Hapo kwenye "toa 1" utaona kalamu zinasimama. Kwa nini isiwe n yenyewe? Swali zuri kabisa. Lakini aliyezoea video hugandia hapo, akili inalitafuna hilo moja, na akija kuinua macho ubao umeshafutwa.

Fanya hivi. Kabla ya kipindi, piga mstari wa wima kwenye kila ukurasa, ubaki na pambizo pana kushoto. Ukikwama, weka alama ya kuuliza pambizoni, acha mistari mitatu mitupu, endelea na anachosema sasa hivi. Jibu la "toa 1" utalipata baadaye kwa dakika tano: wastani uliotumia umetokana na data hiyohiyo ya sampuli, kwa hiyo tofauti huelekea kutoka ndogo kuliko zinavyotakiwa, na kugawa kwa namba ndogo kunafidia upungufu huo. Utalijaza kwenye mistari uliyoacha. Lakini mtiririko wa mhadhara wenyewe ukikupita, hakuna wa kukurudishia.

Usinakili kila neno. Andika hatua, sababu na mfano mmoja. Itakusaidia sana ukitenga dakika kumi kabla ya kipindi kupitisha macho kwenye vichwa vya habari vya kitini, ili maneno mageni yasiwe mageni yakitamkwa.

Kisha, siku hiyohiyo, funga daftari, chukua karatasi tupu, uandike unachokumbuka. Inaudhi, najua. Kusoma tena na tena kunaburudisha zaidi kwa sababu kila kitu kinaonekana unakijua. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi matini fupi: baadhi waliisoma tena, wengine walijipima kwa kukumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma ndio waliokuwa mbele. Baada ya wiki, mambo yaligeuka, waliojipima wakawaacha. Mtihani wako hauji baada ya dakika tano.

Simu iingie kwenye mkoba, si kifudifudi juu ya meza. Ni hilo tu.

Kuhusu kuuliza: kwenye mtandao ulikuwa na kamera iliyozimwa na kisanduku cha kuandikia. Hapa kuna shingo zinazogeuka. Anzia semina, ambako watu ni wachache, na anza na swali dogo hata la kuomba mstari urudiwe. Liandike swali zima kwanza, halafu nyosha mkono, ulisome kama lilivyo; hakuna anayekukataza kusoma. Kaa safu ya pili au ya tatu, usiwe na bahari ya vichwa mbele yako. Na aliye pembeni yako msalimie mjuane, kwa sababu siku ukiumwa utahitaji daftari la mtu. Nikisema kweli, sisi tunaofundisha huwa tunamshukuru kimoyomoyo yule anayeuliza wa kwanza, maana ukumbi uliokaa kimya hautuambii kama tumeeleweka.

Mtihani wa kukaa kwenye chumba cha mitihani nao unataka mkono uliozoea. Kama ulikuwa ukijibu kwa kibodi huku vitabu viko wazi, dakika ya 40 vidole vitakukaza. Kuanzia katikati ya muhula, tafuta karatasi za mitihani iliyopita, weka saa mezani, andika dakika 20 bila kusimama. Ongeza kidogokidogo mpaka ufikie muda kamili wa mtihani.

Video za mihadhara zikiendelea kuwekwa, zitumie kwa zile alama za pambizoni tu. Ukiangalia mhadhara mzima upya umejiongezea kipindi, na ukumbini utaanza kulegea ukijua kuna marudio.

Mwenye maradhi, ulemavu au mtoto wa kulea aombe nafuu anayostahili mapema, kwa maandishi, wiki za mwanzo, na asingoje hadi matokeo yatoke. Na kama mwezi umepita bado huambulii kitu, nenda kwa mhadhiri saa zake za kuonana na wanafunzi ukiwa na daftari lenyewe. Usiseme "sielewi somo". Fungua kurasa zenye alama za kuuliza nyingi kuliko nyingine, uanzie ile ya zamani zaidi.