Kupanga njia za miguu na vibao kwenye mji mdogo, kama tulivyofanya Lushoto

Watu wengi wakisikia njia za kutembea na vibao wanawaza watalii moja kwa moja. Naomba uanze na mtu mwingine kabisa. Kapigiwa simu ya msiba mchana, kapanda basi, kashuka Lushoto, mji wetu wa milima ya Usambara, saa 2 usiku, anaelekezwa "pandisha huko juu, ukishapita shule kata kushoto", na huku milimani ukishapita shule kushoto ziko tatu. Huyo ndo mgeni wa kwanza wa mji wowote mdogo, pamoja na nesi aliyepangiwa zahanati, mwalimu anayekuja kuripoti, wazee wamebeba barua ya posa hawajui kwa fulani ni wapi. Ukiwatengenezea hao, mtalii anayekwenda kuangalia nyika kule Irente atapita humo humo bila shida.

Sasa kitu cha kwanza kabisa, usikae mezani ukachora njia mpya. Njia zipo. Barabara ya magari kutoka Mombo inazunguka na kuzunguka kama kilomita 33 mpaka kufika mjini, ila watu wa miguu tangu zamani, kabla hata Wajerumani hawajauita mji huu Wilhelmstal, wana mikato yao inayopita kwenye mashamba, ukingoni mwa mto, nyuma ya misikiti na makanisa, na kila mkato una sababu yake, huu unakwepa tope, ule unapita penye maji, mwingine una kivuli saa za mchana. Kazi yako ni kuzijua hizo kwanza. Chukua daftari nenda kakae njia panda siku ya soko.

Mimi nilikaa juu ya jiwe pale njia inapogawanyika kwenda Yoghoi kuanzia saa 12 na nusu asubuhi mpaka saa 5 na nilikuwa naandika vitu viwili tu, nani anapita na mzigo gani, na nani anasita. Kusita kunaonekana jamani, mtu anapunguza mwendo, anageuza shingo, anatoa simu mfukoni anairudisha, anatafuta mtu wa kumuuliza. Kila aliposita mtu niliweka alama kwenye ramani yangu, na mwisho wa siku alama zilikuwa zimerundikana sehemu chache ambazo mimi mwenyeji nisingezitaja hata moja. Halafu kuna mama alipita na kuni kichwani, mzigo umelala kwa upana, akafika penye ua wa michongoma ikabidi ageuke apite kiubavu mguu mmoja ukiwa ndani ya mtaro. Napita pale kila siku sijawahi kuona kama pamebana. Baadaye nikapima kwa tepu, chini kulikuwa na sentimita 70, na kuni zile ukizikadiria zilikuwa karibu mita moja na nusu. Kwa hiyo upana wa njia unaupima kwa mzigo, mtu mwenyewe anapita popote. Chini acha angalau mita 1, usawa wa kichwa acha wazi mita 1.5 au zaidi, na matawi kata mpaka mita 2.5 kwenda juu ili mwenye ndoo au mkungu wa ndizi asiiname.

Ukishajua njia zako ndo unaenda kwa wenye mashamba, na hapa usiwe na haraka. Njia nyingi zinapita kwenye shamba la mtu kwa uungwana tu, alimruhusu jirani, jirani akapitisha watoto wa shule, basi ikawa njia. Ukija na rangi na kibao bila kuongea naye anaona unamchukulia ardhi, na ana haki ya kuwaza hivyo. Usambara tuna historia na miradi ya kulazimishana, wakati wa Waingereza kuanzia miaka ya 1940 ulikuja mradi wa kuzuia mmomonyoko ulioanzia bonde la Mlalo, watu wakalazimishwa kulima matuta kwa amri na faini, wakakataa, na kabla ya uhuru mradi ukafa. Na mmomonyoko wenyewe ulikuwa wa kweli! Wazo linaweza kuwa zuri kabisa likauawa na namna lilivyoletwa. Basi nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, tembea naye njia yote mguu kwa mguu, muite mwenye shamba mkutane palepale shambani, kisha jambo lipelekwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji liandikwe kwenye muhtasari, kwamba njia inapita hapa, upana huu, mwenye shamba ni huyu na amekubali. Nakala akae nayo mtendaji na nyingine muachie mwenye shamba mwenyewe, inamfanya awe mlinzi wa njia. Ukigusa ukingo wa barabara uliza kwanza ni ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) au TANROADS (wakala wa barabara kuu), na msitu wa Magamba uko chini ya TFS, wakala wa misitu, huko usichimbe hata shimo la nguzo moja bila ruhusa.

Tukija kwenye njia yenyewe, adui yako namba moja ni maji. Miguu inaharibu kidogo, maji yanamalizia. Mvua za masika Machi mpaka Mei zikikuta njia iliyonyooka kushuka mlima zinaigeuza korongo, sisi tulikuwa na kipande cha kama mita 40 tulichokisafisha vizuri Februari, tukang'oa nyasi zote tukafurahi, mwezi wa 5 ulikuwa unaingia mguu mpaka kwenye goti. Tulikosea kukinyoosha na kuacha udongo mtupu. Kwa hiyo kwenye mteremko pitisha njia kwa kukata ubavu wa mlima, na jaribu isipande zaidi ya mita 1 kwa kila mita 10 za kwenda mbele, kuna sehemu itashindikana, hapo weka ngazi za mawe. Kupima tumia fremu A ile ile ya mabwana shamba wanayopimia makinga maji, fito tatu, kamba na jiwe, hamna gharama. Uso wa njia uinamishe kidogo sana kuelekea bondeni maji yavuke yaende zake yasitembee ndani ya njia, na kila baada ya mita 15 mpaka 20 penye mteremko laza mstari wa mawe umekatiza njia kwa mshazari ili utupe maji pembeni. Angalia na yanakoangukia, ukiyamwaga kwenye kitalu cha kabichi cha mtu umeanzisha kesi.

Ngazi ni nzuri ila kumbuka wagonjwa. Vijiji vingi vya juu mgonjwa bado anashushwa kwa machela, watu wanne wamebeba, kwa hiyo kona isiwe kali kiasi cha machela kushindwa kugeuka. Na kutoka stendi mpaka hospitali na mpaka ofisi za serikali pawe na njia moja isiyo na ngazi kabisa, mtu mwenye baiskeli ya miguu mitatu au anayetembelea magongo naye ana shida zake mjini. Kuna watu wanashauri kuweka vizuizi vya nguzo ili bodaboda wasipite, mimi nasema hapana, kizuizi kinachomzuia bodaboda kitamzuia na huyo. Ongea na vijana wa kijiwe, mkikubaliana nao wanaambiana wenyewe.

Vibao sasa. Kibao kinakaa pale mtu anaposita, basi. Zile alama ulizoweka kwenye daftari ndo mahali pa vibao vyako, na ukiwa na hela ya vibao 12 wakati sehemu ziko 30 anza na zile zenye alama nyingi. Kibao kikubwa cha "Karibuni" getini kinapendeza kwenye picha lakini hamna mtu anayepotea getini.

Kwenye kibao andika mshale, jina la mahali, na muda wa kutembea. Muda, siyo kilomita peke yake. Kilomita 3 za Tanga mjini na kilomita 3 za kupandisha mlima huku ni vitu viwili tofauti, Waswisi ambao milima ndo maisha yao wanaandika saa na dakika kwenye vibao vyao vya njano na wamefanya hivyo miaka mingi. Kuna hesabu ya Mskochi mmoja, Naismith, ya mwaka 1892 bado inatumika: kilomita 5 kwa saa, halafu ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Tuseme njia yako ina kilomita 6 na inapanda jumla ya mita 200, hapo ni saa 1 na dakika 12, jumlisha dakika 20, unapata saa 1 na dakika 32, andika saa 1 na nusu. Ila usiishie kwenye hesabu, itembee na bibi wa miaka 60 na mtoto wa darasa la pili uone. Umbali unaweza kuupata kwa simu, GPS inatosha, au tumia baiskeli, funga kitambaa chekundu kwenye spoku moja, pima kwa tepu tairi likizunguka mara moja linakwenda sentimita ngapi, halafu kokota baiskeli ukihesabu kitambaa. Tulivyopima kwa simu na kwa baiskeli, namba zilipishana kidogo sana. Na ukishazipima njia zako ziweke OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni, ni bure, watu wenye simu watazikuta hata wakiwa hawana bando wakishapakua ramani.

Majina andika kama wenyeji wanavyotamka. Yoghoi ni Yoghoi, ina gh, usiandike Yogoi kwa sababu fundi rangi kazoea hivyo. Kaa na wazee watatu kabla ya kuchora, jina likikosewa kwenye kibao linahamia kwenye simu, kwenye ankara, kwenye cheti cha mtoto, kulirudisha ni kazi. Kiswahili kiwe juu na herufi kubwa, Kiingereza chini kidogo kama unategemea wageni wa nje. Herufi ya sentimita 2.5 kwenda juu inasomeka vizuri kama mita 10, mimi naweka 5 kwa sababu ya wazee na ukungu wa mwezi wa 6 na wa 7. Nyeupe juu ya kijani kizito inaonekana vizuri, nyekundu nzuri siku ya kwanza ila jua linaipausha haraka. Majina yasizidi matatu kwenye nguzo moja, na jina ukishaliandika kwenye kibao cha kwanza lazima liwepo kila njia panda mpaka mtu afike, huwezi kumpeleka mtu "Zahanati" kwenye vibao viwili halafu cha tatu kiandike jina la kitongoji tu, atarudi nyuma. Baada ya njia panda kama hatua 30 piga alama ndogo ya rangi kwenye jiwe au shina, ile inamtuliza mtu roho kwamba sijapotea. Na itembee njia kutoka mwisho kurudi mwanzo pia, maana mtu anarudi, na njia panda ukiijia kutoka juu inakuwa na sura nyingine kabisa.

Vibao vyetu vya kwanza vilikuwa vya bati na nguzo za bomba, havikumaliza miezi miwili, viliondoka kimoja kimoja kwenda kwa wanunuzi wa skrepa. Iliniuma sana kwa sababu ilikuwa michango ya watu. Sasa hivi tunatumia mbao. Nguzo ya mkaratusi uliokauka, kichwa kimekatwa mshazari maji yasituame, shimo sentimita 60, sehemu ya chini imepakwa oili chafu mara mbili kwa ajili ya mchwa, ila ikiwa karibu na kisima au mto usipake oili, jengea mawe na saruji. Kabla ya kufukia pigilia misumari mirefu miwili imekatizana sehemu itakayokuwa chini, inashika udongo na mtu hawezi kuizungusha mshale ukaangalia pengine. Maandishi tunachonga kwanza kwa patasi ndo tunajaza rangi, rangi ikiisha herufi bado unazisoma hata kwa kupapasa. Njia zinazotumika usiku bandika kipande cha rifleta ile ya malori kwenye mshale, tochi ya simu ikipiga inawaka.

Kabla hujafukia chochote jaribisha kwa boksi. Chora vibao kwenye maboksi, vifunge kwa kamba, mtafute mtu ambaye hajawahi kufika mtaa huo, mwambie nenda mpaka zahanati bila kuuliza mtu, wewe mfuate kwa mbali na usiseme neno. Sisi tulimtumia kijana wa Soni aliyekuja kumtembelea shangazi yake, alipotea sehemu mbili, moja mshale ulikuwa umepinda haueleweki ni kona ya kwanza au ya pili, nyingine mgomba ulikuwa umekifunika kibao na sisi tulikiweka asubuhi upepo haujavuma. Tukahamisha tukarudia siku nyingine na mtu mwingine.

Cha mwisho ni namba. Kila nguzo ichonge namba nyuma yake, na orodha yake iwe na mtendaji, zahanati na vijana wa bodaboda. Mtu akivunjika mguu porini akapiga simu anasema niko karibu na nguzo 14, wanamfuata hapo hapo. Na kibao kikianguka anayeripoti anataja namba tu. Sisi tunazipitia zote mwanzoni mwa mwezi wa 6, masika yakishakatika, watu wanne na siku mbili, tumebeba panga, jembe, kopo moja la rangi nyeupe, brashi mbili, misumari na zile fito tatu za fremu A.