Umeitwa mgeni rasmi shule uliyosoma? Fanya hivi

Simu hizi huanza kulia mwezi Agosti. Mtihani wa taifa wa kidato cha nne ni Novemba, kwa hiyo mahafali mengi huangukia Jumamosi za Septemba na Oktoba, na wakuu wa shule hutafuta wageni rasmi mapema. Mimi nimesimama mara nne, mara tatu kati ya hizo shuleni kwangu, kando ya Ziwa Victoria upande wa Ilemela, Mwanza. Mara ya kwanza niliboronga, na sehemu kubwa ya mwongozo huu imetoka hapo. Kazi yangu ni uhasibu kwenye kiwanda cha minofu ya samaki, kwa hiyo mnisamehe nikiongelea mahafali kama vitabu vya hesabu.

Hatua ya 1: Pokea simu, kisha uliza

Uliza ni kidato gani, wahitimu ni wangapi, na shule ina shida gani. Swali la mwisho wengi hulionea aibu. Ondoa aibu. Kwetu mgeni rasmi haitwi kuhutubia tu, anaitwa kujibu risala. Hotuba hata iwe tamu namna gani, wazazi wakifika stendi wataulizana, "Ametoa nini?" Ni kweli ada ilifutwa kidato cha kwanza hadi cha nne tangu 2016, lakini tenki linalovuja na viti vinavyokatika miguu havijui habari za ada.

Na kama umegundua kwamba wewe ni chaguo la tatu, baada ya mbunge na mkurugenzi, nenda tu. Pilau ni ileile.

Hatua ya 2: Omba risala wiki mbili kabla

Risala huandikwa na wahitimu, mwalimu huipitia, na mpangilio wake haubadiliki: shukrani, historia ya shule, idadi ya wanafunzi, mafanikio, changamoto, maombi. Wageni wengi hukimbilia maombi. Wewe anzia kwenye idadi. Tuseme walianza 140 na wanamaliza 112. Risala itasema "kutokana na utoro na uhamisho", itapita. Muulize mwalimu wa taaluma hao 28 wako wapi. Shule za huku ziwani, sehemu ya jibu utaikuta mwaloni, mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga. Kijana anayekesha kwenye mtumbwi na taa za dagaa hawezi kukaa macho kipindi cha hesabu, na akishaizoea hela ya kila asubuhi, darasani harudi. Ukilijua hilo mapema, hutasimama mbele ya wazazi na kusema watoto wa siku hizi ni wavivu.

Hatua ya 3: Nenda shuleni siku ya kazi, bila msafara

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote, na ndiyo watu huiruka.

Mara yangu ya pili nilikwenda Jumatano, saa nne asubuhi, na kiatu cha kawaida. Risala waliyonitumia iliomba kompyuta 10 na projekta. Nilipozunguka nyuma ya maabara nikakuta tenki la maji limepasuka toka juu hadi kwenye koki, limegeuka maficho ya mijusi. Chini, kwenye mawe, wasichana wanne wameingia ziwani hadi magotini, wanachota kwa ndoo. Maji ya ufukweni yale yana konokono, na konokono hao ndio wanaoeneza kichocho: vijidudu hupenya kwenye ngozi mtu akisimama majini. Tulifundishwa hayo hayo kwenye darasa lililo hatua mia moja kutoka pale.

Nikamuuliza mmoja wao kwa nini risala haikutaja maji.

"Tuliambiwa tuombe kitu kikubwa, baba."

Nilirudi ofisini nikamwambia mkuu wa shule, tukiwa wawili tu, kwamba kompyuta sitaziweza ila tenki na bomba nitaweza. Alicheka, akafurahi kuliko nilivyotarajia. Zingatia hapo: tukiwa wawili tu. Ukitaja tenki lililopasuka kwenye kipaza sauti, mbele ya bodi na mwakilishi wa afisa elimu, utakuwa umemvua nguo mwenyeji wako.

Hatua ya 4: Hesabu ahadi kabla ya kusikia vigelegele

Mara ya kwanza niliingia na laki tatu mfukoni na bila mpango wowote. Mshereheshaji alikuwa hodari. Kwaya ikaimba jina langu, akina mama wakapiga vigelegele, ngoma ya bugobogobo ikaingia uwanjani na majembe juu, vijana wanayarusha na kuyadaka. Damu ya Kisukuma ikachemka. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Mifuko 50 ya saruji!"

Saruji ile ilichukua miezi 14. Mkuu wa shule hakunipigia hata mara moja, na heri angepiga. Siku moja Buzuruga, ndani ya daladala, binti mwenye sare akanisalimia kwa adabu zote: "Shikamoo. Bado saruji?" Abiria wote wakageuka.

Tangu hapo nina utaratibu. Ninachotoa nakuwa nacho tayari, kimelipiwa, risiti ipo. Kama lazima niahidi kingine, naahidi kimoja tu, na tarehe naitaja palepale. Fedha taslimu simpi mtu mkononi, naweka kwenye akaunti ya shule na naomba stakabadhi. Si kwamba nawashuku walimu. Ni kuwalinda na maneno ya mtaani. Halafu mnong'oneze mshereheshaji mapema kwamba harambee ya kushtukiza hutaki. Atanuna kidogo.

Hatua ya 5: Andika hotuba ya dakika 12

Angalia ratiba uone umewekwa wapi. Utakuwa baada ya maigizo, ngoma, shairi, risala na taarifa ya mkuu wa shule. Yaani saa nane mchana, pilau inanukia na watoto hawajala. Dakika 12 zinatosha. Wataje wakubwa waliopo meza kuu, sema itifaki imezingatiwa, ingia kwenye jambo. Karatasi usibebe. Mchana upepo wa ziwa huwa mkali, mimi nimeona ukurasa wa tatu ukienda zake kuelekea Ukerewe. Tumia daftari dogo.

"Someni kwa bidii" wameshaisikia tangu darasa la kwanza. Waeleze kitu kilichotokea kwenye ardhi waliyoikalia. Mimi nilikuwa kidato cha nne mwaka 1996. Jumanne ya tarehe 21 Mei, MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza. Kengele ililia katikati ya kipindi, tukaitwa mstarini, mwalimu wa zamu akasoma jina la mwenzetu mmoja, akamwita pembeni. Baba yake alikuwa melini. Jioni ile bwenini hakuna aliyehutubia. Mmoja alitoa kipande cha sabuni, mwingine daftari jipya, mwingine shilingi mia mbili, vikawekwa kitandani kwake. Alikaa akafanya mtihani.

Ninapoisimulia huwa siongezi kitu. Natulia kidogo, naendelea na habari ya tenki.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Fika mapema kuliko ulivyoambiwa, kwa sababu kabla ya uwanjani kuna kusaini kitabu cha wageni, kuvishwa skafu na skauti, na kukagua maonyesho ya maabara. Pale kwenye maonyesho usipite kama unakagua gwaride. Mtoto amekariri maelezo ya titresheni wiki nzima. Subiri rangi ibadilike, uliza swali moja.

Mwalimu wako wa zamani kama yu hai na anaishi jirani, mwalike wewe mwenyewe, na siku moja kabla pita kwake na sato wawili. Wangu ni mstaafu, haoni vizuri. Skauti walipokuwa wananiongoza kwenda meza kuu nilimwona ameketi nyuma na wazazi, kwenye benchi. Nikatoka kwenye mstari, nikainama: "Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Nani wewe?"

Nikamtajia jina. Akafikiri. "Yule wa kuchelewa namba?"

Uwanja mzima ulisikia, na ile ndiyo ikawa sehemu ya hotuba yangu waliyoipenda zaidi, nami sikuiandika. Tulimhamishia kiti chake meza kuu. Itifaki ilivurugika kidogo, hakuna aliyelalamika.

Vyeti: mikono 112 si mchezo, vua pete. Keki: utalishwa, kubali. Zawadi ukipewa, hata ikiwa kuku aliyefungwa miguu, pokea kwa mikono miwili na useme wabeja, asante ya Kisukuma. Usimwachie dereva apokee.

Hatua ya 7: Peleka ulichoahidi

Ndani ya mwezi, siku ya kazi, asubuhi, mtunza stoo akiwepo. Nilipopeleka tenki la lita 5,000, alilizunguka mara mbili, akaligonga, akahesabu viungio vya bomba kimoja kimoja kwenye nailoni, akaniambia vimepungua viwili. Nilirudi mjini kuvinunua.