Jinsi ya kusajili Msitu wa Hifadhi wa Kijiji, na mita 300 zilizotugharimu kiangazi kizima

Msitu wetu umeingia kwenye daftari la wilaya mwezi uliopita. Ulikuwa uingie mwaka jana. Mimi ndiye katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji, hapa mkoani Lindi, na ninaandika haya kwa ajili ya kamati nyingine zinazojiandaa kuomba, ili kosa letu lisijirudie kwenu.

Mwanzo ninaupita haraka, kwa sababu mtendaji wenu wa kijiji anaujua. Mnahitaji cheti cha ardhi ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, mpango wa matumizi ya ardhi unaoonyesha eneo la msitu, na kamati iliyochaguliwa, wanawake kwa wanaume. Kama mpango wa matumizi ya ardhi haupo, anzeni nao. Msitu ambao haumo kwenye mpango huo utawaletea mgogoro na wakulima mara mvua ya kwanza inaponyesha.

Sasa mpaka. Hapa ndipo tulipoumia.

Tulikwenda na wazee wa vijiji vyote viwili, chetu na cha jirani zetu wa kusini. Tukatembea siku tatu, tukakubaliana kila kilima na kila korongo, tukapiga rangi kwenye miti na kuchukua alama kwa kifaa cha GPS. Hapakuwa na ubishi hata kidogo. Nikaandika namba zote kwenye daftari, zikachorwa juu ya ramani ya zamani ya 1:50,000. Jalada lilipofika wilayani likarudishwa: msitu wetu umeingia kwenye ardhi ya jirani kwa mita 300 hivi, kwenye mpaka wote wa kusini.

Jirani zetu waliposikia, walidhani tumewageuka. Mzee tuliyekula naye mihogo msituni hakutusalimia kwa wiki kadhaa. Hilo liliniuma kuliko gharama.

Kosa lilikuwa langu. Ramani nyingi za zamani za Tanzania zimechorwa kwa msingi wa vipimo unaoitwa Arc 1960, na kifaa cha GPS kikitoka dukani huwa kimewekwa kwenye msingi mwingine, WGS 84. Sehemu ileile moja ina namba mbili tofauti, na tofauti yake kwetu ni takriban mita 300, sehemu kubwa yake upande wa kaskazini na kusini. Mkichora namba za WGS 84 juu ya ramani ya Arc 1960 bila kuzigeuza, msitu mzima unateleza kwenda kusini. Mpaka wetu wa kusini una kilomita 4. Zidisheni kwa mita 300: hizo ni hekta 120 za watu wengine.

Kwa hiyo, kabla hamjatoka ofisini, mwombeni afisa ardhi au afisa misitu wa wilaya awaambie ramani yenu ni ya msingi gani. Fungueni mipangilio ya kifaa, mhakikishe kinalingana na ramani, na mwandike juu ya kila ukurasa wa daftari: Arc 1960 au WGS 84, na kanda ya ramani (kwetu Lindi ni 37 Kusini). Kisha fanyeni jaribio dogo: simameni mahali panapoonekana kwenye ramani, kwenye daraja au njia panda, msome namba, mlinganishe. Jaribio hilo ni la dakika kumi. Sisi hatukulifanya, tukarudia mpaka wote, safari hii tukiwa na majirani wenye hasira.

Mpaka ukikaa sawa, pimeni msitu wenyewe. Msikubali mtu awaandikie makadirio mezani. Taarifa ya NAFORMA, tathmini ya misitu ya nchi nzima, ya mwaka 2015 ilihesabu hekta milioni 48.1 za misitu nchini, na karibu nusu yake iko kwenye ardhi za vijiji. Nchi imeahidi kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ukilinganisha na kiasi ambacho kingefikiwa bila kuchukua hatua. Ahadi hiyo inasimama juu ya miti yetu hii, na kama hatujui leo ipo mingapi, miaka mitano ijayo hatutaweza kusema imeongezeka au imepungua.

Sisi tulitumia viwanja vya sampuli vya duara vyenye nusu kipenyo cha mita 15. Mti unapimwa mita 1.3 kutoka ardhini, yaani kimo cha kifua, upande wa juu wa mteremko. Zungusha futi ya kamba, gawanya kwa 3.14, upate kipenyo. Kateni kijiti chenye urefu huo hasa, kila kundi liwe nacho, maana kifua cha kijana mrefu na cha mama mfupi haviko mahali pamoja. Majina ya miti yaandikeni kama wazee wanavyoyataja (mninga, mkongo, mpingo, mtondoro), mtaalamu ataongeza ya kitaalamu baadaye.

Baada ya hapo andikeni mpango wa usimamizi na sheria ndogo. Vyote vinapita halmashauri ya kijiji, kisha mkutano mkuu wa kijiji, kisha wilayani. Mwanasheria wa halmashauri aone rasimu ya sheria ndogo kabla ya mkutano mkuu. Akibadilisha faini baada ya mkutano, itabidi wananchi waitwe tena, na wakati wa kupalilia hawaji. Muhtasari uwe na orodha ya mahudhurio yenye sahihi za watu, si idadi tu, na muhuri wa kijiji kila ukurasa.

Wilaya ikishasajili, ombeni nakala ya ukurasa wa daftari na muitunze pamoja na cheti cha ardhi. Baada ya kuusimamia msitu kwa miaka 3 mnaweza kuomba utangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Na katikati ya kila kiwanja mlichopima zikeni kipande cha nondo, mwandike namba zake pamoja na msingi wa vipimo, ili kamati itakayokuja baada yenu ipime miti ileile.