Yoga ya taratibu kwa mtu ambaye mwili wake hautulii: anzia hapa

Hii ni ya wale ambao wakiambiwa "tulia" ndo kwanza mwili unakaza. Iwe ulipata ajali, ulipigwa, au ni wasiwasi tu uliokaa miaka, mwili unakuwa kama mlinzi ambaye hakuna aliyemwambia zamu imeisha. Yoga inasaidia, ila sio kwasababu ya mikao. Unahisi kitu mwilini alafu WEWE ndo unaamua kiendelee au kiishe.

Hatua ya 1: Kiti
Mkeka subiri kwanza. Chukua kiti imara, mgongo uelekee ukutani, mlango uuone. Macho wazi. Muziki zima, kwenye kazi hii mi siutaki kabisa.

Hatua ya 2: Nyayo
Bonyeza sakafuni, legeza, rudia. Usipohisi kitu, hilo nalo ni jibu.

Hatua ya 3: Pumzi (hapa soma polepole)
Walimu wengi wanaanza na "vuta pumzi ndefu, jaza kifua, ishikilie". Kwa mtu mwenye hofu hii inaweza kuharibu kila kitu, maana kifua kilichojaa na pumzi iliyozuiwa ndo hali ileile ya mtu aliyeshtuka, na ukivuta kwa nguvu mfululizo unapoteza kaboni dayoksaidi nyingi mno, kizunguzungu kinakuja, vidole vinachomachoma, moyo unakimbia, unaamini kabisa kuna hatari. Nimekaa na mwanafunzi jioni nzima kwenye hali hiyo na kilichomtuliza ni kuachana na pumzi tukarudi kwenye nyayo.

Kwahiyo anza na kutoa. Toa polepole kwa mdomo ulioubana kidogo, alafu hewa iache iingie yenyewe. Ukivuta, moyo kawaida unaongeza kasi kidogo, ukitoa unapunguza, hiyo ni kazi ya neva ya vagasi, inayotoka kwenye ubongo hadi moyoni, ndo maana kutoa kukiwa kurefu kuliko kuvuta mwili unapoa. Kuhesabu kukikubana usihesabu. Kuziba pua, kushikilia, kupumua harakaharaka, vyote weka pembeni kwa sasa. Na kama kuifuata pumzi kwenyewe kunakutisha, ruka hatua hii yote, sikiliza sauti za nje, hujapoteza kitu.

Hatua ya 4: Mwendo
Inua mkono, usimamishe popote unapotaka, shusha. Geuza shingo kidogo. Kila mara jiulize: niendelee au niache? Swali hilo ndo yoga yenyewe. Kule Marekani daktari wa magonjwa ya akili Bessel van der Kolk na wenzake, akiwemo mwalimu wa yoga David Emerson, walitoa utafiti 2014 wa wanawake 64 wenye kiwewe sugu (ugonjwa unaobaki baada ya tukio la kutisha, PTSD), wiki 10, saa moja kwa wiki. Waliofanya yoga ya aina hii, 16 kati ya 31 hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa wa PTSD, kwa kundi lililopewa elimu ya afya ni 6 kati ya 29. Mwalimu akikugusa kukurekebisha bila kukuuliza, tafuta mwingine.

Hatua ya 5: Kumaliza
Kulala chali macho yamefumbwa sio lazima, kwa wengi ndo sehemu ngumu kuliko zote. Baki kwenye kiti, tazama chumba, taja unavyoviona. Kumbukumbu zikija kwa nguvu simama, tembea, na kama zinarudi kila ukifanya, ongea na mtaalamu wa afya ya akili kabla hujaendelea.