Kumtunza mtoto mwenye tetekuwanga nyumbani: linda ngozi yake

Mimi ni muuguzi wa watoto mjini Tanga. Tetekuwanga ikiingia mtaani, watoto wengi wanaofika kliniki wakiwa na hali mbaya wana vidonda vilivyooza kwa kukunwa, ngozi iliyobabuka kwa kupakwa vitu, au wamepewa dawa wasizopaswa kupewa. Virusi vyenyewe mwili wa mtoto mwenye afya huvimaliza kwa wiki moja hivi. Kazi kubwa ya mzazi ni kuilinda ngozi isifunguke mpaka siku hizo zipite.

Hatua ya 1: Hakikisha ni tetekuwanga

Mvue nguo penye mwanga wa mchana umtazame mwili mzima, hadi ndani ya nywele na mdomoni. Vipele huanza zaidi kifuani, mgongoni na usoni. Kwanza doa, kisha kipele, kisha lengelenge la maji kama tone la umande, mwisho kigaga. Vinatoka kwa mafungu kwa siku 3 hadi 5, ndiyo maana kwenye mgongo mmoja utakuta vibichi na vilivyokauka pamoja. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu. Pitisha vidole polepole, utavisikia kabla ya kuviona.

Surua huanza na homa kali, kikohozi, mafua na macho mekundu, na vipele vyake havina maji. Mpox (homa ya nyani), ambayo Tanzania ilitangaza mlipuko wake Machi 2025, mara nyingi huvimbisha tezi, na vipele vyake ni vigumu, vinafanana hatua, hutokea hata viganjani na kwenye nyayo. Ukiwa na shaka, nenda ukapimwe. Na kama mtoto ana homa, apimwe malaria hata kama vipele vinaonekana wazi, kwa sababu kuwa na tetekuwanga hakumzuii mtoto kuwa na malaria.

Hatua ya 2: Mtenge, na waambie wanaohusika

Mtoto huambukiza tangu siku moja au mbili kabla ya vipele hadi kipele cha mwisho kiwe kigaga. Chekechea na madrasa zisubiri. Wajulishe majirani wenye ujauzito, wenye watoto wachanga, na yeyote anayetumia dawa za saratani au anayeishi na VVU. Mjamzito ambaye hajawahi kuugua na amekaa chumba kimoja na mtoto huyu aende kliniki siku hiyo hiyo, asisubiri apate vipele.

Mkumbuke na babu. Mwenye mkanda wa jeshi anaweza kumwambukiza mjukuu tetekuwanga, kwa kuwa virusi ni vile vile, vilivyokuwa vimelala kwenye mishipa ya fahamu tangu alipougua zamani.

Hatua ya 3: Homa, parasetamoli peke yake

Kipimo ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 10 akipewa mililita 5 za dawa ya maji yenye miligramu 120 kwa kila mililita 5, amepata miligramu 120, inatosha. Rudia baada ya saa 6 ikiwa bado anahitaji, isizidi mara 4 kwa siku. Soma nguvu ya dawa kwenye chupa, na pima kwa kikombe chake au kwa bomba la sindano lililotolewa sindano. Vijiko vya jikoni havilingani. Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye homa apelekwe kituo cha afya kwanza.

Aspirini asipewe kabisa. Kwa mtoto mwenye tetekuwanga inaweza kuharibu ini na ubongo kwa ghafla. Ibuprofeni nayo iache, maana imehusishwa na maambukizi makali ya ngozi wakati wa ugonjwa huu. Ukipewa dukani vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi bila jina, rudisha. Antibayotiki haziui virusi, kwa hiyo usinunue amoksilini ya kujikinga.

Hatua ya 4: Ngozi

Hapa ndipo nguvu zako ziende.

Mwogeshe. Bado nawasikia bibi zetu wakisema mgonjwa wa tetekuwanga asiguswe na maji. Nawaheshimu, lakini katika hili nawaomba wanisikilize: jasho na uchafu wa siku nne ndivyo vinavyoozesha vidonda. Tumia maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, mara moja au mbili kwa siku, bila dodoki. Mkaushe kwa kumgusagusa na taulo laini, usimsugue.

Kata kucha fupi, zisugue ncha zisikwaruze, na umnawishe mikono mara kwa mara. Usiku mvalishe soksi safi mikononi, maana hujikuna zaidi akiwa usingizini.

Kwa muwasho, losheni ya kalamini, ile ya rangi ya waridi, inasaidia. Tikisa chupa, paka kwa pamba, epuka macho, mdomo na vidonda vilivyo wazi. Akishindwa kulala, mwulize mtoa dawa kuhusu klorofeniramini, dawa ya mzio inayotuliza muwasho, kwa umri na uzito wake. Hairuhusiwi kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja bila agizo la daktari.

Joto huongeza muwasho. Mvalishe pamba nyepesi iliyopwaya, mlaze penye hewa, na kwa siku hizi usimbebe mgongoni. Khanga iliyokazwa pamoja na jasho lenu wawili hupasua malengelenge ya tumboni.

Usimpake majivu, dawa ya meno, mafuta ya taa wala krimu yoyote yenye steroidi (dawa za kupunguza uvimbe ambazo hudhoofisha kinga ya mwili), hata ile iliyomponya jirani upele wake. Ile dawa ya zambarau siipendi kwa sababu moja: rangi yake inaificha ngozi, nawe hutaona kidonda kinapoanza kuoza. Maji ya mwarobaini ya kuogea sina ugomvi nayo yakichujwa vizuri na ngozi ikiwa haijachubuka. Kumnywesha mwarobaini, hapana. Mafuta yake yamewahi kuwadhuru watoto wadogo kwa sumu.

Hatua ya 5: Chakula na maji

Vipele vya mdomoni vinauma, mtoto atakataa kula. Usimlazimishe ugali. Mpe uji uliopoa, mtindi, ndizi iliyopondwa, dafu, maji kidogo kidogo kila mara. Machungwa, embe bichi na pilipili vitamchoma. Anayenyonya aendelee kunyonya. Kinachonipa wasiwasi zaidi ni mkojo: akipitisha saa 8 hajakojoa, au mdomo umekauka, mpeleke.

Hatua ya 6: Dalili za kukimbia hospitali

Mtazame ngozi kila asubuhi. Sehemu iliyo nyekundu (kwenye ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane), ya moto, iliyovimba na inayotanuka, au inayotoa usaha, imeingiliwa na bakteria na inahitaji dawa leo, si kesho. Homa iliyopoa ikarudi, au inayoendelea baada ya siku ya 4, ina maana hiyo hiyo mpaka daktari aseme vingine.

Ondoka mara moja, hata usiku, akipumua kwa kasi (mara 40 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, mara 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11), akipata degedege, akipepesuka anapotembea, akilala mno hata kuamka taabu, akikakamaa shingo, akitapika mfululizo, au malengelenge yakijaa damu. Mtoto mchanga, mwenye VVU, mwenye utapiamlo mkali au anayetumia steroidi asingoje dalili hizi. Aende vipele vinapoanza tu, kwani asiklovia, dawa ya kupambana na virusi hivi, hufanya kazi vizuri ikianza ndani ya saa 24.

Mkifika, sema mlangoni kuwa ni tetekuwanga kabla ya kuketi kwenye benchi la wajawazito.

Hatua ya 7: Ndugu zake

Ndani ya nyumba moja, karibu 9 kati ya 10 ambao hawajaugua wataambukizwa. Vipele vyao hutokea siku 10 hadi 21 baadaye, kwa kawaida wiki ya pili au ya tatu. Andika tarehe kwenye kalenda na weka parasetamoli na kalamini tayari. Chanjo ipo, ingawa haimo kwenye ratiba ya kawaida ya watoto Tanzania wala Kenya. Baadhi ya hospitali binafsi za mijini huwa nayo kwa malipo, na mtoto wa mwaka mmoja au zaidi akipewa ndani ya siku 3 hadi 5 baada ya kukaa na mgonjwa, inaweza kumkinga au kuupunguza ugonjwa. Piga simu uulize leo, maana siku hizo zimeshaanza kuhesabika.