Namna ya Kutambua Maana ya Neno «Sukari» Mitaani na Nyimboni

Mtu anayejifunza Kiswahili mjini Kampala hukutana na neno «sukari» siku ya kwanza dukani, akadhani amelimaliza. Wiki haijapita anamsikia mchuuzi wa soko la Owino akimwita mteja sukari, jirani mgonjwa akilalamika kwamba sukari imepanda, na redioni mwimbaji akiapa kwamba bila sukari yake usingizi hauji. Watatu hao hawazungumzii kitu kimoja, na zipo njia za kuwatenganisha.

Anza na kitenzi. Sukari inayopimwa kwa kilo hupatanishwa kwa I-, kwa hiyo husemwa kwamba imekwisha, imemwagika au imeadimika. Neno hilohilo linapokuwa jina la mpenzi, sarufi humtambua binadamu: kimilikishi hubaki «yangu», kama katika «rafiki yangu», lakini kitenzi hushika A-. Anayeuliza «Sukari yangu imekwenda wapi?» anatafuta kopo, ilhali anayeuliza «Sukari yangu amekwenda wapi?» anamtafuta mtu. Wenye lugha ya Luganda wawe waangalifu zaidi hapa, kwa sababu katika lugha yao sukaali huingia katika ngeli ya watu na husemwa «sukaali aweddewo» hata anapokusudiwa yule wa dukani. Nilimsikia muuza duka mmoja wa Wandegeya akimtangazia mteja kutoka Mombasa kwamba «sukari amekwisha». Mteja, kwa adabu zote za pwani, akampa pole.

Kipimo hicho hakitoshi kila mahali. Sentensi «sukari imepanda» ina kitenzi kilekile, iwe imetoka dukani ambako bei imeongezeka, au imetoka kliniki ambako kiwango cha sukari katika damu kimezidi. Jina sanifu la maradhi ni kisukari, lakini wengi husema tu kwamba fulani «ana sukari», na Luganda nayo huyaita maradhi hayo sukaali. Hata Wamarekani weusi wa majimbo ya kusini huyaita hivyohivyo kwa Kiingereza chao. Subiri basi maneno yanayofuata: zikitajwa kilo, au viwanda vya Kakira na Lugazi, hiyo ni bei, zikitajwa dawa, insulini au chakula kilichokatazwa, hiyo ni afya, na mzaha wa mapenzi hauna nafasi.

Kisha tazama neno lililoshikamana na sukari, kwani hapo ndipo maana huchacha. Shugadedi, kutoka Kiingereza «sugar daddy», ni mwanamume mwenye umri na fedha anayemhudumia msichana kwa malipo ya mapenzi, na shugamami ni mwenzake wa kike. Chimbuko la jina la kwanza husimuliwa kuwa ni San Francisco, ambako Adolph Spreckels, mrithi wa mali ya viwanda vya sukari, alimwoa Alma de Bretteville mwaka 1908. Alimzidi bibi huyo kwa miaka 24, na inasemekana kwamba yeye ndiye aliyempachika mumewe jina hilo. Yaani sukari ile ya kwanza ilikuwa sukari kweli, ya magunia.

Afrika Mashariki imeongeza msamiati wake, na inafaa kuuelewa kwa kuangalia anayecheka ni nani. Wakenya humwita mwanamume huyo sponsa, jina linalomwachia heshima kidogo. Watanzania huzungumzia kuchuna buzi, ambapo mwanamume ndiye mbuzi na ngozi yake ni fedha. Waganda nao wana okukuula ebinnyo, yaani kung'oa meno: msichana anazichukua zawadi zote na mwanamume anabaki na mapengo, bila hata mapenzi aliyoyatarajia. Kwa hiyo shugadedi ni mtoaji anayepata alichokitaka, na aliyeng'olewa meno ni mtoaji aliyepumbazwa, usiyachanganye unapotafsiri. Ieleweke pia kwamba msichana akiwa chini ya miaka 18, sheria ya Uganda inakitambua kitendo hicho kuwa kosa la jinai, hata kama mtaa umekipa jina tamu.

Sukari kwa maana ya fedha ni matumizi ya zamani katika Kiingereza cha Marekani, na wazee wa Uganda hawahitaji kamusi ili kuielewa. Baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972 na viwanda vya miwa kudorora, sukari ikawa bidhaa ya magendo, na waliotajirika katika biashara ya siku zile wakaitwa mafutamingi. Mafuta au sukari, utajiri uliitwa kwa jina la kilichokosekana jikoni.

Katika ndondi neno hilo ni sifa ya ufundi, ngumi inayotupwa kwa ulaini hadi inapendeza kuitazama. Walker Smith alijulikana ulimwenguni kwa jina la Sugar Ray Robinson, na Ray Leonard akalirithi. Mashabiki wa Uganda wanalikumbuka jina hilo kwa uchungu kidogo, kwa kuwa ni Leonard aliyemnyang'anya Ayub Kalule mkanda wake wa dunia mjini Houston mwezi Juni 1981.

Sukali ndiizi ni ndizi tu, na sukari guru ni sukari guru, usichimbe. Lakini katika miji ya pwani ya Kenya, jina la Kiingereza la sukari ya kahawia laweza kumaanisha heroini, kwa hiyo usiliagize ovyo vichochoroni.

Wewe mwenyewe ukitaka kulitumia, liweke kwa mpenzi au mtoto mdogo. Mkweo, mwalimu wako na mzee wa mtaa ni mama, mwalimu na mzee, au, kwa Luganda, nnyabo (bibi) na ssebo (bwana). Mchuuzi akikuita sukari, anauza. Jibu kwa kuuliza bei. Na ukitafsiri wimbo wa kusini mwa Marekani ambamo mtu anaomba sukari, kumbuka kwamba huko hilo ni ombi la busu, ambalo hata bibi humwomba mjukuu wake. Ukiandika «nipe sukari», msomaji wa Jinja ataleta kijiko. Andika «nipe busu».